Mnyama anayepitwa hajashindwa kazi yake

Juni 2024, farasi saba walipakiwa kwenye ndege za jeshi la Czech, wakasafirishwa kutoka Prague na Berlin hadi nyika za Kazakhstan, mahali ambapo aina yao haikuwa imeishi porini kwa takriban miaka 200. Hao ni farasi wa Przewalski, farasi mwitu wa Asia ya Kati ambao katika miaka ya 1960 walitoweka kabisa porini, wakabaki hai ndani ya bustani za wanyama peke yake. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Julai, kiboko kibete alizaliwa katika bustani ya Khao Kheow nchini Thailand, akaitwa Moo Deng. Baada ya wiki chache picha zake zilikuwa kwenye kila simu. Umati ulifurika hadi uongozi ukaweka kikomo cha dakika tano kwa kila kundi la wageni siku za mwisho wa wiki, kisha ukalazimika kuwasihi watu waache kumrushia vitu na kumwagia maji mtoto yule ili aamke. Habari ya farasi ilisomwa na wachache na ikasahaulika.

Funzo ambalo wengi wamelitoa hapo ni rahisi mno: umati unajua unachokitaka, basi kila bustani yenye akili imtafute Moo Deng wake na ipunguze wale ambao mgeni huwapita bila hata kupunguza mwendo. Farasi anayefanana na punda, konokono wa ukubwa wa ukucha, chura aliyejibanza chini ya jani, chatu aliyejikunja pale pale tangu asubuhi. Kwa hesabu hiyo, wote hao wanakula bure. Nadhani hapo mambo yamesomwa kichwa chini miguu juu. Mnyama asiyewavutia wageni hajashindwa kitu. Muda ambao mtu anasimama mbele ya kioo unapima macho ya mtu huyo, haumpimi mnyama. Na bustani ikiugeuza muda huo kuwa mizani ya kuamua nani abaki na nani aondoke, inaitupa sababu pekee yenye uzito inayoipa ruhusa ya kuwafungia viumbe hai.

Umati kumkimbilia kiboko haukuanza na simu. Mwaka 1850 bustani ya London ilimpokea Obaysch, kiboko dume aliyeletwa kutoka Misri, na kwa kuwa Ulaya haikuwa imemwona kiboko tangu zama za Warumi, idadi ya wageni mwaka ule iliongezeka karibu maradufu. Bustani hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1828 kwa ajili ya wanasayansi, na milango ilifunguliwa kwa raia wote mwaka 1847, kwa sababu fedha zilikuwa zinahitajika. Tangu hapo bustani za wanyama zimekuwa na mabwana wawili, daftari la mwanasayansi na dirisha la tiketi, na mara nyingi dirisha la tiketi ndilo lililoshinda. Kuanzia 1926 hadi 1972, London hiyo hiyo iliwaketisha sokwe mezani wakanywe chai mbele ya watu, kwa kuwa sokwe anayefanya mambo ya sokwe alionekana hatoshi. Hata mageuzi makubwa ya Carl Hagenbeck, aliyefungua bustani yake karibu na Hamburg mwaka 1907 na kuziondoa nondo akaweka mahandaki yasiyoonekana, yalimfaa kwanza mtazamaji: mtu aliona simba kama yuko nyikani. Simba mwenyewe alipata nafasi zaidi, lakini mandhari yalipangwa kwa jicho la mwanadamu.

Kisa kinachonikaa moyoni kuliko vyote katika historia hii ni cha Martha. Alikuwa njiwa mhamaji, jike, katika bustani ya Cincinnati nchini Marekani. Njiwa wa aina yake walikuwa mabilioni katika karne ya 19, makundi yao yakipita angani kwa saa nyingi hadi mchana ukafifia. Waliwindwa na misitu yao ikafyekwa, mpaka akabaki Martha peke yake, na alipokufa tarehe 1 Septemba 1914 spishi nzima iliishia naye. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa mzee asiye na nguvu, ametulia tuli kwenye kitulio chake. Inasimuliwa kwamba wageni wa Jumapili walimrushia mchanga ili atikisike, hadi watunzaji wakalazimika kulizungushia banda kamba. Watu walikuwa wakimtazama ndege wa mwisho wa aina yake ulimwenguni, wakaona ndege anayechosha. Kati ya mchanga wa Cincinnati na maji ya Khao Kheow imepita miaka 110, na mkono ni ule ule.

Tuliangalie basi neno lenyewe, "kuchosha", kwa sababu limebeba kosa la kibiolojia. Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, na hufanya hivyo porini vilevile, kwa sababu mnyama anayekula nyama nyingi kwa mara moja na kuwinda kwa mbio fupi kali hana sababu ya kupoteza nguvu bure. Koala hulala karibu muda huo huo kwa kuwa majani ya mkalitusi yana lishe haba na sumu ambayo tumbo lake linahitaji muda mrefu kuimudu. Mamba anaweza kukaa miezi bila mlo, na hulipia uwezo huo kwa kutojongea ovyo. Kutulia kwao ni mbinu ya kuishi iliyonolewa kwa mamilioni ya miaka. Anayemwona mamba ametulia nusu saa na kusema "hafanyi kitu" ameshuhudia kitu hasa ambacho mamba hukifanya, kwa ustadi ambao sisi wenye damu moto hatuuwezi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na aliyewahi kumwona mamba akimvamia nyumbu mtoni anajua mshindo huo unatoka wapi.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuzisafisha bustani, maana usingizi unaweza pia kuwa ushahidi dhidi ya banda. Mwaka 2008 Niels Rattenborg na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mawimbi ya ubongo ya slothi, yule mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini anayening'inia mitini, wakiwa huru msituni Panama. Waliwakuta wanalala chini kidogo ya saa 10 kwa siku. Vipimo vya zamani vya slothi waliofungiwa vilikuwa vimetoa karibu saa 16. Kwa hiyo kuna utulivu wa mnyama mzima na kuna utulivu wa mnyama ambaye hana la kufanya, na mgeni anayepita hawezi kuutofautisha mmoja na mwingine. Hilo halimpi mgeni haki ya kuwa hakimu. Linaonyesha kwamba kazi ya kutofautisha ni ya mtunzaji anayemjua mnyama huyo kwa miaka, anayepima uzito wake, kinyesi chake, hamu yake ya chakula na saa zake za usiku, wakati mgeni ameshakwenda zake.

Upande wa pili wa jambo hili ni mbaya zaidi. Mnyama anayeonekana "mchangamfu" mara nyingine ndiye mgonjwa. Chui milia anayetembea mstari uleule kando ya uzio, hatua kumi kwenda na hatua kumi kurudi, huwakusanya watu wengi kuliko aliyelala kivulini. Wanamfuata kwa simu zao, wanafurahi kwamba yuko macho. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason walionyesha kwamba wanyama walao nyama ambao porini huzunguka maeneo makubwa, kama dubu wa barafu na simba, ndio wanaoathirika zaidi wakifungiwa, kwa kutembea huko kusiko na mwisho na kwa vifo vingi vya watoto wao. Gus, dubu wa barafu wa Central Park huko New York, alipata umaarufu katika miaka ya 1990 kwa kuogelea umbo la namba nane kwa saa nyingi bila kukoma, hadi bustani ikamwita mtaalamu wa tabia za wanyama amsaidie. Umati ulikuwa ukitazama dhiki. Tukikubali kwamba macho ya wageni ndiyo kipimo, tutakuwa tumempa alama za juu dubu aliyechanganyikiwa na kumnyima yule anayesinzia kwa amani.

Niliwahi kuketi karibu saa nzima mbele ya chumba cha kioo kilichokuwa na vyura wadogo, katika bustani moja nisiyohitaji kuitaja. Sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni "hamna kitu humu". Mzazi aliisema, mtoto akaitikia, wakaondoka. Mwanzoni hata mimi sikuona kitu; dakika kama nane zikapita kabla jicho halijazoea, na nilipoondoka nilikuwa nimehesabu vyura kumi na mmoja.

Wanaotetea uamuzi wa umati wana hoja nzito, na haitakuwa haki kuzipita. Ya kwanza ni ya fedha. Bustani haijiendeshi kwa nia njema. Kuna mishahara, dawa, chakula, maji na umeme wa kupasha joto nyumba za reptilia. Mnyama maarufu huleta viingilio ambavyo vinalipia wasiojulikana. Hoja hii ilijadiliwa kwa makini na wataalamu wenyewe. Mwaka 1996 Andrew Balmford na wenzake walipendekeza bustani zielekeze nguvu za kuzalisha kwa spishi zilizo nafuu kutunza, zinazozaana vizuri zikiwa zimefungiwa na zenye nafasi ya kurudishwa porini, na wakaonyesha kuwa nyingi za hizo ni ndogo kwa umbo. Miaka miwili baadaye, watafiti waliotumia bustani ya Zürich walijibu kwamba umaarufu kwa wageni hukua kadiri umbo la mnyama linavyokua, hivyo bustani haiwezi kuwapuuza wakubwa bila kujidhuru. Nakubali kwamba jibu hilo lina ukweli. Mtoto anayeletwa kumwona tembo ndiye atakayepita mbele ya vyura, na bila tembo asingekuja kabisa.

Ila hesabu ya nyota ina upande wa matumizi, na upande huo husahaulika. Bustani ya Ähtäri nchini Ufini ilipokea panda wawili, Lumi na Pyry, Januari 2018, kwa mkataba wa miaka 15. Ilijenga makazi yaliyogharimu zaidi ya yuro milioni 8, na kuwatunza pamoja na ada ya kuilipa China kulifikia takriban yuro milioni 1.5 kila mwaka. Wageni waliotarajiwa hawakutosha, janga la korona likaja, bei zikapanda, na Novemba 2024 panda hao walirudishwa China zaidi ya miaka minane kabla ya muda. Panda ni miongoni mwa wanyama wanaopendwa sana duniani, na bado aliizidi nguvu bustani iliyomleta ili aiokoe. Kwa hiyo inaposemwa kwamba wakubwa huwalipia wadogo, naomba tuulizane kila mara: katika bustani hii, mwaka huu, ni kweli? Wakati mwingine jibu litakuwa ndiyo. Wakati mwingine mkubwa amekula bajeti ya wadogo wote na yake mwenyewe.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika sana: chema chajiuza, basi mnyama asiyeweza kumsimamisha mtu hamfundishi mtu, na kwa kuwa elimu ni mojawapo ya malengo ya bustani, hana kazi. Methali hiyo inafaa sokoni, mahali ambapo embe bivu hujitangaza kwa harufu yake. Hapa inapotosha, kwa sababu kuvutia kwa mnyama hakumo ndani ya mnyama peke yake. Mfano wangu ni korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu wa vinamasi vya Afrika mwenye mdomo mpana kama kiatu. Huwinda kwa kusimama bila kutikisika kwa muda mrefu akingojea samaki. Kwa mantiki ya chema chajiuza, huyu ndiye ndege wa kwanza kufukuzwa. Huko Japani amekuwa kipenzi cha wageni kwa sababu hiyo hiyo, anajulikana kama ndege asiyejongea, na watu husimama kumngojea ajongee. Ndege ni yule yule na utulivu ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji ameambiwa atazame nini.

Mfano mwingine ni wa taa tu. Wanyama wengi wadogo huamka usiku, wakati mageti yamefungwa, kwa hiyo mchana huwa ni mafungu ya manyoya kwenye kona. Mwaka 1969 bustani ya Bronx, New York, ilifungua nyumba iliyogeuza saa: usiku taa kali, mchana mwanga hafifu, hivyo popo na wenzao wakawa macho wakati wageni wapo. Wanyama "wasiovutia" wakawa kivutio. Nyumba hiyo ilifungwa mwaka 2009 kwa sababu ya upungufu wa fedha na ikafunguliwa tena mwaka 2025. Katika miaka yote hiyo 16, popo hawakuwa wamebadilika hata kidogo. Kwa hiyo mgeni asipojifunza kitu mbele ya banda, tukague kwanza mwanga, kibao cha maelezo, urefu wa dirisha kwa mtoto, na kama kuna mahali pa kukaa. Kumlaumu mnyama ni kumlaumu mwalimu kwa darasa lisilo na madirisha.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi, na hutoka kwa watu wanaowapenda wanyama. Wanasema: ikiwa mnyama hatazamwi na mtu, basi amefungwa bila sababu yoyote, na ni ukatili kumweka. Hapa sina jibu la haraka. Ni kweli kwamba idadi kubwa ya spishi zilizomo katika bustani za wanyama haziko hatarini kutoweka. Dalia Conde na wenzake walikadiria mwaka 2011 kwamba takriban spishi moja tu kati ya saba za wanyama wa nchi kavu wenye uti wa mgongo walio hatarini ndiyo inayopatikana katika bustani hizo, na amfibia ndio waliowakilishwa vibaya kuliko wengine. Tathmini ya mwaka 2023 ilikuta karibu asilimia 41 ya amfibia wote wako hatarini, kundi lililo katika hali mbaya kuliko yote yenye uti wa mgongo. Yaani tumejaza mabanda kwa kuangalia umbo na manyoya, na kundi linalozama limepewa vyumba vichache vya kioo karibu na vyoo. Kwa mnyama asiye hatarini, asiyetafitiwa, asiyetazamwa, ninakubaliana na wakosoaji: hana sababu ya kuwa pale, na asizalishwe tena. Lakini kosa linakuja pale tunapodhani kwamba kutazamwa ndiyo sababu pekee inayowezekana.

Chukua konokono wa jenasi Partula wa visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Habari yao inaanza na konokono tunayemjua vizuri, konokono mkubwa wa Afrika ya Mashariki, aliyepelekwa visiwani kwa ajili ya chakula, akatoroka na kuharibu mazao. Katika miaka ya 1970 wakaletwa konokono wengine walao nyama ili wamdhibiti. Konokono hao wapya walimwacha yule mkubwa na kuwageukia Partula, wenye urefu wa sentimita moja au mbili, wakaimaliza spishi moja baada ya nyingine. Wanasayansi walikusanya wachache waliobaki, na kwa miongo kadhaa bustani za wanyama, London na Edinburgh zikiwemo, ziliwazalisha ndani ya visanduku vya plastiki kwenye vyumba vyenye joto na unyevu maalumu. Hakuna aliyepanga foleni. Kuanzia 2015 maelfu yao wamerudishwa visiwani, kila mmoja amewekewa alama ya rangi kwenye gamba lake, na mwaka 2024 watafiti waliokuwa kwenye kisiwa cha Moorea waliwakuta Partula tohiveana wakubwa wasio na alama, maana yake waliozaliwa pale pale msituni. Spishi hiyo ikaondolewa katika kundi la waliotoweka porini. Kuna hesabu gani ya sekunde za mgeni ambayo ingeweza kuwatetea konokono hawa mwaka 1995?

Au chukua chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, anaishi kwenye eneo dogo mno lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Ana urefu wa takriban sentimita mbili, rangi ya dhahabu, na tofauti na vyura wengi huzaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai. Bwawa la umeme lilipochepusha maji, manyunyu yalikauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na bustani za Bronx na Toledo zikawa kimbilio lao la mwisho. Kule walikufa wengi kabla watunzaji hawajaelewa mwanga, madini na unyevu wanaouhitaji; kulikuwa na wakati ambapo waliobaki duniani wote, walio ndani ya vioo, hawakufika mia moja. Korongoni kwenyewe mitambo ya kunyunyizia maji iliwekwa, lakini ugonjwa wa kuvu ukaja, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wa kwanza walirejeshwa Tanzania chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 ukaanza urejeshaji korongoni. Ukimtafuta mnyama ambaye mgeni atasema "hamna kitu humu", humpati bora kuliko huyu. Na ni kazi hii hasa, ya mtu kuhesabu vyura wadogo kila asubuhi kwenye chumba ambacho watu wanapita, inayonifanya nisikubaliane na wanaotaka bustani zote zifungwe.

Tukilipokea hilo, mambo kadhaa yanafuata, na si yote yatakayowafurahisha wenye bustani. Baadhi ya wanyama hawafai kuonyeshwa kabisa. Waondolewe kwenye maonyesho na wawekwe nyuma, bustani iseme waziwazi kwamba wapo na wanagharimu kiasi gani. Waliobaki mbele wapewe haki ya kujificha, kwa sababu banda lisilo na maficho limejengwa kwa ajili ya mpiga picha, na mgeni akikuta kioo kitupu akute pia maelezo ya mnyama aliko na sababu yake. Kanuni ya kutogonga kioo isimamiwe na mtu, kibao peke yake hakitoshi. Zaidi ya yote, bustani inayojitetea kwa kusema nyota wake anawalipia wadogo ichapishe hesabu hiyo. Moo Deng aliiletea Khao Kheow mapato makubwa ya viingilio na bidhaa. Umma una haki ya kujua, kwake na kwa kila nyota anayefuata, ni sehemu gani ya fedha hizo inayoishia kwenye chumba cha konokono. Pasipo takwimu hizo, msemo wa kwamba wakubwa hubeba wadogo unabaki kuwa imani, na imani ni rahisi kuitumia kununua panda.

Swali hili litamfikia Moo Deng mwenyewe. Kiboko kibete mzima huwa na uzito wa zaidi ya kilo 180, ni mpweke, porini hujificha mchana na kutoka usiku kula. Wa aina yake waliobaki kwenye misitu ya Liberia, Sierra Leone, Guinea na Ivory Coast wanakadiriwa kuwa chini ya 2,500. Akiwa bustanini anaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Utoto uliomfanya apendwe unaisha mapema, na sehemu kubwa ya maisha yake ataonekana kama mgongo mweusi unaong'aa kando ya maji, umelala. Wageni watapita. Huo ndio wakati ambapo atakuwa tayari kuzaa, na ambapo kumtunza vizuri kutakuwa na maana kubwa zaidi kwa spishi yake kuliko picha zote zilizopigwa mwaka 2024. Bustani itakuwa na bajeti ya kupanga mwaka huo, na kwenye meza hiyo mtu atauliza ni wageni wangapi wanasimama mbele ya banda lake.